Kila mtu anajua tairi lilipasuka, mimi najua mume wangu alisinzia

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi, ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Naandika kwako kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mama yangu, wala wifi zangu, wala mwalimu mwenzangu yeyote, na Desemba ndiyo hiyo inakuja.

Desemba iliyopita tulikuwa tunakwenda Machame kwa wakwe zangu kwa ajili ya Krismasi. Mume wangu alirudi kazini jioni, akaoga, akala, tukapakia mizigo tukaondoka karibu saa tano usiku ili tukwepe foleni. Nilimwomba tulale kwanza tutoke alfajiri, akasema barabara ile ameizoea. Tulikuwa tumeshaipita Korogwe, hatujafika Mombo, giza linaanza kupungua. Mtoto amelala kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa macho. Nilikiona kichwa cha mume wangu kikiinama, nikamwita, na kabla hajaitika gari lilishaacha lami, likagonga kalavati, likaingia kwenye mkonge.

Mtoto alitoka na mikwaruzo. Mume wangu alichanika juu ya jicho. Mimi mfupa wa paja la kulia ulivunjika katikati, na mtulinga wa upande huohuo. Watu wa kwanza kufika walikuwa wafanyakazi wa shamba la mkonge. Vijana walitaka kuninyanyua haraka mguu ukining'inia, lakini mama mmoja akawakatalia. Alivua khanga yake, akaufunga mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kuanzia pajani hadi kwenye vifundo, ndipo akaruhusu nibebwe kwenye ubao. Baadaye daktari alinieleza kwamba paja likivunjika laweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu kwa ndani bila tone kuonekana nje, na mfupa ukichezacheza unaweza kukata mshipa mkubwa. Yule mama simjui hata jina. Namwombea kila siku, na nimeona nilitaje hapa jambo alilolifanya kwa sababu wasafiri wa barabara ile ni wengi, huenda mtu akalikumbuka siku moja.

Baada ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na huduma ya kwanza katika hospitali ya karibu, nilipelekwa KCMC, Moshi. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma ndani ya mfupa, kimekazwa kwa skrubu juu na chini. Mtulinga waliuacha uunge wenyewe, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Nilipotoka hospitali nilikaa Machame kwa mama mkwe, na yule mama Mungu ambariki: mtori asubuhi, supu ya makongoro jioni, kunigeuza, kunisindikiza msalani. Alipotaka kuleta mzee wa kuunga mifupa anikande, nilimweleza kuwa daktari amekataza kusugua mahali palipovunjika, akanielewa.

Sasa Shangazi, suala langu lilianzia pale kitandani hospitalini. Shemeji yangu aliuliza ilikuwaje. Mume wangu akajibu, "Tairi la mbele lilipasuka." Kisha akaniangalia. Nilikuwa kwenye maumivu makali, sikusema kitu. Trafiki naye alielezwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo ndiyo habari inayojulikana Machame, Kimara na Iringa kwetu. Waliokuja kutupa pole walituliza kwa kusema ajali haina kinga, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa.

Mguu unaendelea vizuri. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua kama miezi mitatu hadi sita kuunga, na picha za mwisho za eksirei zilionyesha umeunga. Kilichonisumbua zaidi ni goti na msuli. Goti lilikakamaa, paja likasinyaa hadi sketi zangu zikawa zinakaa upande. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, ikabidi fundi atutengenezee kiti cha mbao chenye tundu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anasisitiza niukanyagie mguu, maana mfupa hukomaa ukibebeshwa uzito kidogo kidogo, na mtu anayeuhurumia sana mguu anaweza kuishia kuchechemea maisha yake yote. Nimetoka magongo mawili, sasa natumia moja. Kazini, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Zangu ziliisha kabla sijaweza kusimama kipindi kizima. Mwalimu mkuu alinipa vipindi vichache nifundishe nimekaa, nashukuru kwa hilo.

Gari letu la zamani lilikuwa na bima ndogo tu, ambayo hulipa madhara ya watu wengine, siyo gari lako. Likauzwa kama vyuma chakavu. Mume wangu akachukua mkopo akanunua jingine lililotumika. Alinipa funguo mkononi akasema, "Nimekununulia wewe, usiteseke na daladala."

Shangazi, siwezi kukaa kwenye gari lile.

Nimejaribu. Nikifunga mkanda tu, mikono inalowa jasho, kifua kinabana, macho yangu yanamtazama yeye usoni badala ya barabara. Akipepesa kope nashtuka. Safari ya mwisho nilimwomba asimamishe, nikashuka kituo cha mwendokasi na gongo langu, yeye akaenda na mtoto. Siku hizi kwenda kliniki au shuleni napanda mwendokasi, kwanza kwa sababu jukwaa la kituo liko sawa na mlango wa basi na sipandi ngazi, pili kwa sababu basi lile lina njia yake peke yake. Majirani wanasema mke wa mtu ana gari nyumbani lakini anabanana na watu na gongo lake. Maneno hayo yamemfikia.

Mwanzoni niliamini ni hofu ya kawaida ya aliyepata ajali. Daktari wa kliniki aliniambia hofu ya namna hiyo ipo, hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia pamoja na kuzoea upya hatua kwa hatua, na mtu asiione kuwa ni wazimu. Lakini nimejichunguza. Kwenye mwendokasi natulia. Kwenye bajaji ya jirani yetu natulia, na bajaji ndiyo haina hata mlango. Shemeji alinichukua kwa gari lake hadi Mbezi, nikaenda nimetulia. Ni mume wangu tu akishika usukani ndipo mwili unakataa. Ndiyo maana nasema siogopi magari. Naogopa kukaa pembeni ya mtu ambaye hajawahi kukiri kuwa alisinzia, maana asiyekubali kuwa alilala atajizuiaje kulala tena?

Binti yetu naye anajua. Hakuna aliyemwambia. Kila wakipanda gari anaegemea mbele anauliza, "Baba, hujalala?" Baba yake anajibu, "Sijalala mama," anawasha redio.

Wala si mtu mbaya, naomba wasomaji msimhukumu. Anaamka usiku kunifunika shuka. Ndoo za maji hanigusishi, hata mazoezi yangu anayakatiza akiona nakunja uso, mpaka yule mtaalamu amemgombeza. Kovu langu hajawahi kuliangalia. Nikibadilisha nguo anatoka chumbani. Najua anateseka. Nilipomwambia twende wote kwa mtaalamu wa saikolojia alisema yeye hana ugonjwa wa akili, kama mimi nataka niende. Nilipojaribu kuanza, "Ile alfajiri, kabla ya mkonge...", alinikatisha: "Mama, tuliacha hayo, tumshukuru Mungu." Akatoka nje kuosha gari lililokuwa safi.

Mimi sitaki kumpeleka popote. Sitaki ukoo wake ukae kikao, sitaki polisi wafungue upya jalada, sitaki mama mkwe aliyenilisha kwa mikono yake ajue mwanawe alimdanganya. Nataka aniambie mimi, tukiwa wawili tu, "Nilisinzia." Neno hilo moja, kisha tupange hatusafiri usiku tena.

Kinachonibana sasa ni hiki. Mama mkwe ameandaa ibada ya shukrani kwenye usharika wao, Jumapili kabla ya Krismasi. Mchungaji ameshaarifiwa. Mume wangu atatoa ushuhuda, na amenieleza kuwa nitasimama pembeni yake. Najua atakachosema: tairi, na mkono wa Mungu. Kumshukuru Mungu nataka, tena kwa moyo wote. Lakini kusimama madhabahuni nikaitikia habari ya tairi, hapo nafsi inagoma. Na nikikataa kusimama, kanisa zima litauliza kuna nini.

Kuna na safari yenyewe. Yeye anataka tuende na gari jipya ili watu waone yameisha. Wifi yangu mkubwa, bila kujua kitu, alinishauri nipande treni ya Moshi, ile iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi. Nilifurahi sana. Mume wangu akasema, "Watu wataniuliza kwa nini mke wangu amekuja na treni, nitawajibu nini?" Sikumjibu, na tangu hapo tunazungumza mambo ya chakula na ada tu.

Naomba mawazo yenu, hasa wanandoa mliowahi kupata ajali mwenzenu akiwa ndiye dereva. Mlianzaje mazungumzo? Je, nimwandikie barua, kwa kuwa mdomo kwa mdomo ananikatisha? Au nimtafute mtu mmoja anayemheshimu, kwa mfano msimamizi wetu wa ndoa, ingawa naogopa kuwa nikimhusisha mtu wa tatu ataona nimemuaibisha na atafunga kabisa? Na kuhusu ibada, ipo namna ya kumwomba ashukuru bila kutaja chanzo cha ajali, yaani aseme tulipata ajali, Mungu akatuokoa, basi?

Kama kuna baba aliyewahi kusinzia njiani akaumiza watu wake, naomba sana naye aandike. Nataka kujua ni neno gani ungependa mkeo akuambie ili uweze kusema.

Mwalimu, Kimara