Nyongo niliiona, maumivu ya yule mama sikuyaona

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba ubishi kuhusu maada, yaani vitu vinavyoshikika na kupimika, na fahamu, yaani kule kuhisi na kujua kwamba upo, umekwisha. Kwa maelezo yake, ulimwenguni kuna maada tu, na fahamu ni kitu kinachotolewa na ubongo kama ini linavyotoa nyongo. Akaongeza kuwa asiyekubali aende chumba cha upasuaji akaone dawa kidogo ya usingizi inavyomzima mtu.

Mimi nimetoka huko. Kwa miaka 29, mpaka nilipostaafu, kazi yangu ilikuwa kuwalaza wagonjwa kwa dawa na kuwaamsha, katika hospitali za huku kwetu kando ya Ziwa Victoria. Usingizi huo wa dawa wazee waliuita nusukaputi. Hilo kaputi ni neno la Wajerumani, na waliounganisha maneno hayo mawili walikusudia nusu ya kufa. Basi ini na dawa ya usingizi vyote navifahamu kwa kuvishika, na naona havisemi kile ambacho msomaji wako anataka viseme.

Ule mfano wa nyongo ni wa zamani. Mwanasayansi wa Kijerumani, Carl Vogt, aliutumia miaka ya 1840, na watu wanaurudia hadi leo kwa sababu unasikika kama hoja. Nyongo nimeiona mara nyingi. Ni majimaji ya kijani yanayoelekea umanjano, na ikimwagwa kwenye bakuli la chuma kila aliyemo chumbani anaiona: daktari, muuguzi, mwanafunzi aliyesimama karibu na mlango. Unaweza kuipima na kuipeleka maabara. Je, maumivu ya mwenye ini hilo yanamwagwa kwenye bakuli gani, tukayatazama sote?

Nina sababu ya kuuliza hivyo, na sijawahi kuiandika popote.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita tuliletewa mama mmoja kutoka visiwa vya Ukerewe, mwanika dagaa, mfuko wake wa nyongo umejaa vijiwe. Wakati ule tulitumia halothani, dawa ya maji ambayo mashine huigeuza mvuke, mgonjwa akaivuta pamoja na oksijeni. Alikuwa pia amechomwa dawa ya kulegeza misuli, ambayo humfanya mtu asiweze kusogeza hata kope. Upasuaji ukiwa katikati, halothani iliisha kwenye chombo chake nami nikachelewa kuona. Sijui ni dakika ngapi. Mapigo ya moyo yaliongezeka kidogo, presha ikapanda kidogo, nikaandika kwenye karatasi yangu kuwa hali ni ya kawaida. Alikuwa ametulia kabisa. Mfuko ukatolewa, vijiwe vikahesabiwa, nyongo ikawa pale bakulini.

Siku ya tatu nilipita wodini kumjulia hali. Akanishika mkono, akasema, "Sista, nilikuwepo." Akanieleza kuwa daktari aliuliza bei ya sangara mwaloni Kirumba, kwamba mtu alitaja bei, kwamba mkasi ulianguka sakafuni. Yote yalikuwa kweli. Akasema, "Nilihisi mnavyonikata. Nilikuwa ndani nawaita, na hakuna aliyesikia."

Nililia pale pale mbele yake. Kosa lilikuwa langu, nikamwambia hivyo, na nikaliandika kwenye faili lake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili, maana nilitaka kuelewa nilikuwa nimepitwa na nini. Msomaji wako atasema nimepitwa na chombo bora zaidi: ningekuwa na mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, ningejua yuko macho. Nakubali, huenda ningejua. Lakini mashine hiyo imejuaje kwamba wimbi la namna hii maana yake mtu yupo, na la namna ile maana yake hayupo? Ilifundishwa na watu walioamka wakasema "nilikuwepo" au "sikumbuki kitu". Kila kipimo cha fahamu tulichonacho kilianza kwa shahidi. Hakuna aliyeanza na maada peke yake, akapima uzito wake, chaji yake, kasi yake, akafika mahali akasema: hapa sasa lazima pawe na maumivu. Kwa nyongo inawezekana. Ukijua kemia ya ini, nyongo utaitarajia.

Ndiyo maana siafiki kwamba ubishi umekwisha. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliweka dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ingejulikana wazi ni mwenendo gani wa seli za ubongo unaoleta fahamu. Juni 2023, huko New York, Koch alikiri kwamba bado, akamkabidhi mwenzake divai waliyokubaliana. Huyo ni mtu aliyetumia maisha yake kuuchunguza ubongo. Na seli za neva peke yake ni takriban bilioni 86 katika kichwa kimoja.

Sasa niseme upande wa pili pia, kwa sababu baada ya barua ile jirani yangu hapa Nyegezi alinijia akifurahi kusikia kwamba naipinga. Yeye anashikilia kwamba kila kitu ni fahamu, mwili ni kivuli, na ugonjwa unaondoka ukibadili mawazo. Huyo namkatalia kwa sauti kubwa zaidi. Nimewachoma watu dawa nyeupe kama maziwa, nikawaambia wahesabu. Mzee mmoja alihesabu kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu ng'ombe, na hakufika kumi. Mililita chache tu. Anayesema mwili ni kivuli aniambie kivuli gani kinazima taa. Watu wanaacha dawa za presha kwa maneno kama hayo, na nimeshawapokea wakiletwa upande mmoja umepooza.

Tena nyuma ya nyumba yangu kuna mwamba mkubwa kuliko nyumba. Wanajiolojia wanasema mawe haya ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lenyewe ni jipya sana mbele yao. Lilikauka na likajaa tena ndani ya miaka 20,000 hivi iliyopita. Mwamba haukungoja mtu wa kuutazama ndipo uwepo. Ninaamini hivyo kwa dhati, na asubuhi nikianika nguo juu yake naamini zaidi.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Nimesimama na kile alichoandika mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell mwaka 1927, kwamba fizikia inatueleza maada inavyohusiana na inavyokwenda, haituelezi ndani yake ni nini. Tunajua mwamba una uzito gani, ukisukumwa unafanyaje, mwanga ukiupiga unarudije. Yote hayo ni habari za nje. Kitu kimoja tu katika ulimwengu huu tunakijua kutokea ndani, nacho ni kule kuwepo kwetu, kuhisi kwetu. Kusema kitu hicho ni mabaki yanayodondoka kutoka kwenye vile vya nje, wakati vya nje vyenyewe tumevijua kupitia hicho, naona ni kugeuza mambo. Nadhani fahamu ni ya msingi kama uzito ulivyo wa msingi: haitengenezwi na kitu kisicho nayo kabisa. Haitangulii maada, wala haiji nyuma yake kama moshi. Dawa yangu ilikata njia ambayo fahamu ya yule mzee ilikuwa inapita. Sina ushahidi kwamba niliwahi kugusa chanzo chake, na msomaji wako naye hana.

Anaweza kusema haya ni ya wanafalsafa. Hapana, yanafika hadi kitandani. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walichapisha jinsi walivyompima mwanamke aliyeumia katika ajali ya gari, ambaye kwa miezi mitano hakuonyesha dalili yoyote ya kuwepo. Walimwambia afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anapita katika vyumba vya nyumbani kwake, na ubongo wake ukajibu kama wa mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 241 wa aina hiyo kutoka hospitali za nchi kadhaa, watu wasiotii amri yoyote kwa mwili. Sitini kati yao walikuwa wanaitii kwa ubongo. Mmoja kati ya wanne, Mhariri! Na nimesikia ndugu wamesimama kando ya kitanda cha mtu kama huyo wakijadili nani atachukua mtumbwi na mashine yake, kwa kuwa waliambiwa hapo hapana mtu, kuna mwili tu.

Tangu yule mama, nilikataza mazungumzo ya bei na siasa juu ya mgonjwa, hata mbele ya madaktari walionizidi cheo, na kila niliyemlaza nilimwinamia sikioni nikamwita jina lake na kumwambia tunafanya nini.

Yule mama alirudi miezi miwili baadaye na mfuko wa dagaa wakavu, akaniletea nyumbani. Alikuwa amenisamehe, alisema hivyo kabla hajakaa. Kisha akauliza jambo ambalo nimeshindwa kulijibu kwa miaka yote hii, nami nalileta kwa msomaji wako, anijibu hapa hapa gazetini: "Sista, kama nisingeamka nikawaambia, nani angejua kwamba nilikuwepo?"

Muuguzi mstaafu wa dawa ya usingizi,
Nyegezi, Mwanza