Wabia wajue kuwa ritani ya biashara haitoshi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nieleze jambo linalowatatiza wafanyabiashara wengi wa ubia nchini Kenya kila tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka), inapokaribia. Wengi huamini kwamba ubia ukishawasilisha ritani yake kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kila mbia amemaliza wajibu wake, kisha huenda wakajaza ritani zao za kibinafsi wakionyesha sifuri, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Ukweli ni kwamba ubia wenyewe hautozwi kodi ya mapato. Ritani yake huonyesha tu faida iliyopatikana na jinsi ilivyogawanywa, nao wabia hutozwa kila mmoja kwa fungu lake, hata kama hakuchukua pesa hizo mkononi.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la wabia wawili wanaogawana sawa. Mmoja analisimamia na kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na faida inayosalia kwa mwaka ni shilingi 600,000. Malipo hayo, ingawa wenyewe huyaita mshahara, kisheria ni sehemu ya mgao wake. Kwa hiyo msimamizi atatangaza shilingi 540,000 (240,000 alizolipwa kwa mwaka na 300,000 za nusu ya faida) na mwenzake 300,000. Aliyeajiriwa kwingineko atajumlisha na mshahara wa huko.

Anayechelewa kuwasilisha ritani yake ya kibinafsi hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa. KRA ingefaa kuyafafanua haya kwa Kiswahili sokoni, mapema, wala si wiki ya mwisho ya Juni.

Mhasibu,
Nakuru