Harambee ya maji ya dayalisisi: vichujio, vipimo na mabomba

Ndugu, jamaa na marafiki,

Mtatuuliza mbona hatuchangishi mashine nyingine ya dayalisisi, ile ya kusafisha damu ya wenye figo zilizofeli. Mashine hupendeza kwenye picha, lakini kinachowamaliza wagonjwa wetu kidogo kidogo kiko nyuma yake, kwenye bomba la maji.

Kikao cha dayalisisi kwa kawaida huchukua muda wa saa 4, mara 3 kwa wiki. Maji hupita kwa mililita 500 kila dakika, yaani lita 120 kwa kikao kimoja, na kinachoyatenga na damu ni utando mwembamba. Bakteria hawapenyi. Vipande vya maganda yao, endotoksini, hupenya. Chembe nyeupe za damu zikivigusa, mwili hupambana kana kwamba umeambukizwa: CRP, alama ya mapambano hayo kwenye damu, hupanda; albumini, protini ya damu, hushuka; hamu ya chakula hupotea. Mara nyingi hakuna homa wala kutetemeka, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mchochota huo ukidumu miaka, kuta za ateri huharibika, na madini ya fosfeti yakiwa juu kwenye damu, kuta hizo hujaa chokaa. Moyo huwaua wengi wao. Dawa za kolesteroli nazo hazikufua dafu kwa walioanza dayalisisi. Majaribio ya 4D (2005) na AURORA (2009) yalionyesha hivyo.

Michango itanunua kichujio cha endotoksini kwa kila mashine, pamoja na vya akiba, maana kichujio kilichopitwa na muda ni pambo tu. Italipia pia vipimo vya maji kila mwezi. Sampuli ichukuliwe mwisho wa mzunguko wa bomba na kwenye mashine yenyewe, si kwenye tangi tu. Tunalenga, kwa kila mililita, bakteria chini ya koloni 0.1 na endotoksini chini ya yuniti 0.03. Fundi naye atakata vipande vya bomba visivyotumika. Maji yakituama humo, bakteria hujenga utelezi ambao dawa haiung'oi kirahisi.

Zikibaki fedha, zitagharamia upasuaji wa fistula (kuunganisha ateri na vena mkononi) kwa wanaotumia katheta, yaani mrija, ya shingoni, kwani hata maji yakiwa safi, katheta ni mlango wa wadudu. Fistula huhitaji wiki kadhaa kukomaa, basi msisubiri harambee iishe ndipo mumwone daktari. Na ufizi unaotoka damu utibiwe. Nao huchochea CRP.

Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango na kuwalipa wauzaji na maabara moja kwa moja. Majibu ya vipimo vya maji yatabandikwa kwenye chumba cha dayalisisi, yawe mazuri au mabaya.