Heri ya Malaika Wakuu, Septemba 29

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Heri ya sikukuu, hasa kwenu mnaosherehekea somo leo: akina Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Zamani kila mmoja alikuwa na siku yake; kalenda ya mwaka 1969 ikawaunganisha, sasa mnagawana keki moja. Huku kwetu vumbi linatimka, mashamba yanasubiri vuli. Uingereza ya zama za kati mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, na siku hii ndiyo waliyolipa kodi ya pango. Wapangaji, poleni.

Hilo jina "malaika mkuu" lilinidanganya miaka mingi. Nilidhani hakuna aliye juu yao. Kumbe yapata mwaka 500 mwandishi mmoja wa Mashariki, aliyejificha nyuma ya jina la Dionisio, aliwapanga malaika madaraja tisa, na wanateolojia wa zama za kati wakayashika. Juu kabisa Maserafi, kisha Makerubi na Viti vya Enzi. Katikati Usultani, Nguvu na Mamlaka. (Usultani, ndiyo: soma Wakolosai 1:16. Waliotafsiri waliijua pwani.) Chini ni Enzi, Malaika Wakuu na Malaika. Yaani hawa tunaowashangilia leo ni wa pili kutoka mwisho! Maserafi wanabaki kuimba "Mtakatifu". Wanaotumwa kwetu ni hawa wa chini.

Mtazameni Rafaeli katika Kitabu cha Tobiti. Akiwa na sura ya mtu, anapatana na Tobiti, mzee kipofu, ujira wa drakma moja kwa siku, kama kibarua yeyote, amsindikize mwanawe Tobia safarini, na mbwa wao akiwafuata. Wanarudi na nyongo ya samaki, macho ya mzee yanafunguka. Wanataka kumpa nusu ya mali yote, ndipo anajitaja yeye ni nani.

Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa mwaka 590 hadi 604, aliuhubiri hivi mfano wa yule mama wa Luka 15 mwenye shilingi kumi, anayewasha taa na kufagia nyumba kutafuta moja iliyopotea: tisa ni madaraja ya malaika, ya kumi iliyopotea ni mwanadamu. Basi mbinguni hesabu haijatimia, na taa bado inawaka, ufagio unapita chini ya kitanda.

Jioni nitawasha mshumaa kwa ajili ya wote mlio safarini. Rafaeli awasindikize, na mbwa asiachwe nyuma.