Waifai Imeshika, Intaneti Haiingii: Kagua DHCP Kabla Hujapandisha Kifurushi

Simu tunayopokea mara nyingi kuliko zote huanza hivi: "Fundi, waifai imeshika lakini intaneti haiingii." Ukidadisi kidogo unakuta mteja ameshaipigia kampuni yake ya intaneti, ameambiwa laini iko sawa, akapandisha kifurushi kwa hasira, na bado nusu ya wafanyakazi wanatumia bando za simu zao. Laini kweli iko sawa. Tatizo limo ndani ya jengo, kwenye jambo lisiloandikwa kwenye risiti yoyote: ugawaji wa anwani za IP, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa ili kitambulike kwenye mtandao.

Simu ikijiunga na waifai, kabla haijafungua ukurasa wowote, inaita mtandao mzima: kuna anayegawa anwani hapa? Seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani hizo, inaitika na kutaja anwani iliyo wazi, simu inasema nipe hiyo, seva inathibitisha. Mazungumzo hayo ya hatua nne humalizika kufumba na kufumbua. Pamoja na anwani, simu hupewa pia ukubwa wa mtandao, lango la kutokea kwenda nje, na seva za DNS zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Utaratibu huu ulichapishwa mara ya kwanza 1993, ukaandikwa upya Machi 1997 katika waraka uitwao RFC 2131, na simu unayonunua leo dukani bado inaufuata.

Watu wengi wakisikia "seva" hufikiria kabati lenye kiyoyozi. Kwa duka, shule au lodge ya kawaida, seva ya DHCP ni programu ndogo tu ndani ya ruta. Ilikuja imewashwa, ikafanya kazi siku ya kwanza, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Shida huanzia hapo, kwa sababu biashara imekua na ile programu imebaki na hesabu za nyumba ya familia moja.

Anwani zimekwisha

Chukua lodge yenye ukumbi wa semina. Ruta yake inagawa kuanzia 192.168.0.100 hadi 192.168.0.199, yaani anwani 100, mpangilio ambao ruta nyingi za nyumbani hutoka nao kiwandani. Asubuhi wanaingia washiriki 70, kila mmoja na simu, na wengi wao na laptopu. Ongeza wageni wa vyumbani, televisheni, kamera, simu za wahudumu. Kufika saa nne, wakati wa chai, fungu hilo la anwani limekauka. Waliowahi wanaendelea kuperuzi kama kawaida. Waliochelewa simu zao zinabaki zimeandika "Inapata anwani ya IP" mpaka zinakata tamaa. Mwenye lodge anaona wengine wanapata na wengine hawapati, anahitimisha kwamba waifai "imezidiwa".

Kinachozidisha balaa ni muda. Anwani ya DHCP haitolewi jumla, huazimwa. Muda wa kuazima ukifika nusu, kifaa huomba kuongezewa. Kisipojibiwa huomba tena muda ukifika sehemu saba kati ya nane, na ukiisha kabisa huiachia. Sasa, kama ruta imepangwa kuazima kwa saa 24, mgeni aliyelipa na kuondoka saa mbili asubuhi ameondoka na ufunguo wa chumba: anwani yake haitapewa mtu mwingine mpaka kesho yake, hata kama yeye yuko kwenye basi la Dodoma.

Simu za miaka hii zimeongeza lao. Tangu Android 10 na iOS 14, simu haionyeshi tena anwani yake halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani, kwenye waifai. Hubuni nyingine kwa kila mtandao. Kwa faragha ya mtu ni jambo jema. Ila mtu akiufuta mtandao kwenye simu yake na kuunganisha upya, au jengo likiwa na majina mawili ya waifai, seva inaweza kuona vifaa viwili pale palipo na simu moja, na kila kimoja kikatengewa anwani.

Dawa ni mbili na hakuna hata moja inayohitaji kifurushi kikubwa. Kwanza, punguza muda. Kwa wageni tunaweka saa moja hadi mbili. Ofisini, ambako watu ni walewale kila siku, saa 8 hadi 24. Wapo wanaoogopa kwamba muda mfupi utaelemea mtandao kwa maombi ya kila mara. Maombi hayo ni madogo mno, usiyafikirie. Pili, panua fungu. Mtandao wa /24 una anwani 254 za kutumia, wa /23 una 510, wa /22 una 1022. Kwa ukumbi wa semina tunapendelea /22 kwenye safu ya 10.20.0.0, kisha tunasahau habari ya kuhesabu simu.

Wagawaji wawili kwenye mtandao mmoja

Hili ndilo linalotuchukua muda mrefu kulitafuta, na kwa maoni yangu ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote kwa sababu huja na kuondoka. Leo mhasibu anafanya kazi vizuri, kesho printa haionekani, keshokutwa kompyuta ileile iko salama.

Hadithi huwa ni moja. Waifai haifiki chumba cha nyuma. Mtu mwenye nia njema analeta ruta ndogo kutoka nyumbani, anachomeka waya wa mtandao kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya mtandao wa ndani), taa zinawaka, waifai inashika, kila mtu anapongezana. Lakini ruta hiyo nayo ina seva yake ya DHCP, na imewashwa. Kuanzia dakika hiyo kompyuta ikiita, wanaitika wawili, na kwa kawaida aliyewahi ndiye anayesikilizwa. Ukiangukia kwa yule mgeni unapewa lango ambalo halijaunganishwa na intaneti hata kidogo.

Kumkamata si kazi ngumu ukijua pa kuangalia. Kwenye kompyuta ya Windows inayosumbua, fungua dirisha la amri, andika `ipconfig /all`, kisha soma mstari uliotajwa "DHCP Server". Kama ruta yako kuu ni 192.168.40.1 na hapo pameandikwa 192.168.0.1, umempata. Andika `arp -a` uone anwani ya MAC ya huyo 192.168.0.1, halafu uitafute kwenye orodha ya swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao za jengo, ili ujue imeingilia tundu namba ngapi. Kutoka hapo ni kufuata waya kwa mkono, nyuma ya makabati na chini ya meza, mpaka uifikie. Mara nyingi iko juu ya dari au nyuma ya friji.

Usiitupe. Ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP, ipe anwani isiyogongana na ruta kuu, kisha waya uendelee kukaa kwenye tundu la LAN. Nyingi zina hali ya kufanya kazi kama kituo cha waifai tu, na ukiichagua mambo hayo hujipanga yenyewe. Kuchomeka waya kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) badala yake kutaleta intaneti, lakini walio nyuma ya ruta hiyo watakuwa kwenye mtandao wao peke yao, na kompyuta za upande wa pili hazitaona folda walizofungua kwa ajili ya wenzao.

Tofautisha hali hiyo na ile ya kuona anwani inayoanza na 169.254. Hiyo hakuna aliyeigawa. Kompyuta imeita, haikuitikiwa, ikajipa yenyewe. Hapo tafuta waya uliolegea, seva iliyozimwa, au fungu lililokauka kama la lodge yetu.

Printa inayopotea

Fundi aliyefunga printa aliipa anwani ya kudumu kwa mkono, tuseme 192.168.40.120, lakini anwani hiyo iko ndani ya fungu ambalo ruta inaligawa. Siku printa imezimwa, ruta inaiona anwani iko huru, inaipa simu ya mtu. Printa ikiwashwa, vifaa viwili vinagombania namba moja. Umeme ukikatika na kurudi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu baadhi ya ruta za bei nafuu hazikumbuki zilimpa nani nini kabla ya giza.

Tunavyopanga sisi: acha printa, DVR ya kamera na mashine ya mauzo zijiombee anwani kama wengine, ila kwenye seva uandike kwamba MAC fulani ipewe anwani fulani siku zote. Kila kitu kinasimamiwa sehemu moja, na siku ukibadilisha mtandao huzunguki jengo zima ukibonyeza vitufe vya printa.

Tunavyofunga kwenye MikroTik

Tunatumia ruta za kampuni ya MikroTik kwa wateja wengi kwa sababu bei yake inabebeka na zinafanya mambo ambayo ruta za nyumbani haziyafanyi. Kabla ya kugusa chochote tunachora mgawanyo kwenye karatasi. Kwa ofisi ya kawaida huwa hivi, tukitaja namba ya mwisho tu ya anwani: .1 ni ruta yenyewe; .2 hadi .19 swichi na vituo vya waifai; .20 hadi .59 printa, kamera na mashine za mauzo; .100 hadi .250 ndilo fungu la kugawa. Katikati tunaacha nafasi kwa ya kesho. Tunakwepa 192.168.0 na 192.168.1 kwa makusudi, kwani ruta nyingi za majumbani zinatumia hizo, na siku bosi akitaka kuingia kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN (njia salama ya kujiunga kutoka mbali) akiwa nyumbani, mitandao miwili yenye namba zilezile haitaelewana.

Kisha unaingia kwa Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik. Kwenye "IP", halafu "Addresses", ipe ruta anwani 192.168.40.1/24 juu ya daraja linalounganisha matundu ya ndani. Rudi "IP", fungua "DHCP Server", bonyeza "DHCP Setup". Itakuuliza maswali kwa zamu: seva ikae kwenye kiolesura kipi, mtandao upi, lango lipi, igawe kutoka wapi hadi wapi, DNS zipi, na muda wa kuazima. Nyingi ya hizo imeshakujazia. Wewe badilisha fungu na muda.

Angalia swali la kwanza kwa makini. Mafundi wengi wanaoanza huchagua ether2 kwa sababu ndipo walipochomeka waya. Kama ether2 iko ndani ya daraja, seva haitafanya kazi na mstari wake utageuka mwekundu. Chagua daraja lenyewe.

Vifaa vikianza kuingia, nenda kwenye kichupo cha "Leases". Hapo unaona kila kifaa, anwani yake na mara nyingi jina lake. Tafuta printa, bonyeza "Make Static", fungua mstari huo uandike 192.168.40.20, kisha zima na kuwasha printa. Imekwisha. Andika na maelezo mafupi, "printa ya mapokezi", fundi atakayekuja baada yetu atakushukuru.

Bado mlinzi. Kwenye dirisha hilohilo la DHCP kuna sehemu ya "Alerts": ukiiambia MAC ya seva halali, ruta itaandika kwenye kumbukumbu zake kila inapoona mgawaji mwingine akijitokeza. Inakupa taarifa, haimzuii. Ukitaka kumzuia kabisa unahitaji swichi yenye uwezo wa kuchuja majibu ya DHCP, ambapo tundu linaloelekea kwenye ruta kuu pekee ndilo linaloaminiwa. Kwa shule na hosteli, ambako wanafunzi huja na vifaa vyao, tunasisitiza swichi hizo hata kama bajeti inauma.

Wageni na ofisi wasikae fungu moja. Tunawatenganisha kwa VLAN, yaani mitandao iliyogawanywa juu ya vifaa vilevile, kila moja na seva yake ya DHCP ndani ya ruta ileile, na sheria inayomzuia mgeni kufikia kompyuta ya mhasibu. Hilo lina makala yake.

Kama ofisi yako ina Windows Server inayosimamia majina ya watumiaji, mambo yanabadilika kidogo. Hapo ni afadhali DHCP ihamie kwenye seva hiyo na ya ruta izimwe, kisha DNS inayogawiwa iwe ya seva yenyewe. Ukigawa 8.8.8.8, ambayo ni DNS ya Google, kwenye mtandao wa namna hiyo, Google itafunguka vizuri lakini kompyuta hazitaiona seva ya ofisi, na watu watashindwa kufika kwenye mafaili yao. Kumbuka pia kwamba Windows Server huazima anwani kwa siku 8 usipobadilisha.

Kabla hujatupigia

Jaribu mambo mawili kwenye kompyuta inayosumbua. Andika `ping 8.8.8.8`, kisha `ping google.com`. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikigoma, anwani unayo, kinachokosekana ni DNS. Zote zikigoma, andika `ipconfig /release`, ikifuatiwa na `ipconfig /renew`, ujaribu tena.

Ikishindikana, piga picha ya majibu ya `ipconfig /all` ututumie kwa WhatsApp, na utuambie vifaa vingapi hujiunga siku yenye watu wengi, kama kuna ruta nyingine yoyote jengoni hata ile ambayo "haitumiki", na lini umeme ulikatika mara ya mwisho. Kwa picha hiyo peke yake mara nyingi tunakuelekeza kwa simu ukamaliza mwenyewe. Kama ni lazima tufike, tukimaliza tunakuachia nakala ya mipangilio ya ruta kwenye flashi na ile karatasi ya mgawanyo wa anwani, ibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi.