Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa michezo: tunaomba ufunguo

Mheshimiwa,

Jambo yenu, na salamu za heshima kutoka huku Katuba, Lubumbashi. Ningependa kuwaandikia letre ya kawaida, ile ya bahasha na sinyatire, lakini zile tulileta ku biro yenu sekretari anasema ziko ndani ya dosye, na hiyo dosye hakuna mtu amewahi kuiona na macho, kwa hiyo leo naandika hapa kila mtu asome, mtanisamehe.

Jumamosi iliyopita tulifika kama siku zote ku ukumbi tunamofanyia eskrimi, ule mchezo wa kugusana kwa upanga mwembamba usio na makali, watoto wametangulia wanakimbia, tukakuta kadena mpya pa mlango. Mlinzi, mzee wa watu, ananiangalia kwa huruma, anasema mwalimu, mimi nimeambiwa tu nifunge. Nikachungulia ku dirisha. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka karibu kugusa dari, hema zimekunjwa, na pa kona maski zetu zimesukumwa chini ya viti, jaketi zimetupwa juu ya sementi. Kuna wanaosema ukumbi umepewa mtu wa kukodisha viti vya matanga na harusi, wengine wanasema ni siasa, kwamba mzazi mmoja wa kwetu alivaa tishati ya upande mwingine. Mimi sijui nani anakula hapo. Labda hakuna anayekula, labda ni sisi tu hatukuleta matabishi, kile kitu kidogo cha mkononi. Lakini kadena haijifungi yenyewe, Mheshimiwa.

Nawakumbusha kidogo, juu najua muko na kazi mingi. Mlikuja ndani ya ukumbi huo huo, mkapewa epe, ule upanga wetu wa eskrimi, mkaishika kama mtu anayetaka kumenya muhogo, tukacheka pamoja vizuri, mkasema mbele ya wazazi na mbele ya kamera kwamba ukumbi huu ni wa vijana na hakuna mtu atawatoa. Tulipiga makofi sana. Ile foto iko bado ku Facebook yenu, mnacheka na maski mkononi, na ile maski njo moja ya zile zilizo chini ya viti leo.

Sasa nilipoenda kuuliza, bwana mmoja wa ofisini kwenu (jina nalijua, silisemi) akanijibu kwamba eskrimi ni mchezo wa wazungu, tena wa hatari, na watoto wa Katuba wana mapanga ya kutosha. Hiyo njo imenifanya niandike. Nilirudi kwa miguu, transporti sikuwa nayo, na njia yote nilikuwa namjibu peke yangu kwa sauti, watu wananiangalia.

Mzungu gani? Mohamed Elsayed, Mmisri, alichukua medali ya shaba ya epe ku Olimpiki ya Paris 2024, na Fares Ferjani wa Tunisia akachukua ya fedha ya sabre, aina nyingine ya upanga, palepale. Mwaka 2012 kule London, Alaaeldin Abouelkassem, Mmisri tena, alipata fedha ya flere, aina ya tatu ya upanga. Na ku Thiès, Senegal, wanafundisha eskrimi kwa watoto waliofungwa gerezani ili wajifunze kujizuia na kuheshimu mtu aliye mbele yao. Gerezani, Mheshimiwa! Wenzetu wanawapa epe watoto waliohukumiwa, sisi tunawafungia mlango wale ambao hawajafanya kosa lolote. Na Michezo ya Olimpiki ya Vijana inakuja Dakar mwaka 2026, mara ya kwanza Afrika, eskrimi imo. Sisemi tutapeleka mtu, sina wazimu. Nasema tu huo mchezo wa wazungu unakuja barani kwetu na sisi tuko nje tunachungulia ku dirisha.

Kuhusu mapanga. Ni kweli huku usiku unasikia watu wanakimbizwa, na kila mtu anajua vijana wa avenyu gani. Wawili kati ya hao sasa ni wanafunzi wangu, na mmoja ananisaidia kufundisha wadogo. Mtu akija kwetu kitu cha kwanza anafundishwa ni salamu: unainua epe mbele ya uso, unasalimia mpinzani, unasalimia refa, unasalimia wanaotazama, bila hiyo hakuna mchezo. Halafu sisi hatuna ile mashine ya umeme inayowasha taa mtu akiguswa, na hata tungekuwa nayo, courant iko wapi, kwa hiyo tunacheza kama zamani, watoto wanne wanasimama pembeni kuangalia, na anayeguswa anainua mkono mwenyewe. Kwenye epe mwili wote unahesabika, kuanzia kichwa mpaka kidole cha mguu. Kuna msichana anauza maji ya sashe ku soko, mwezi uliopita alikuwa nne kwa nne, mchezo ni wa alama tano, dakika zinaisha, akaguswa pa ncha ya kiatu na hakuna mtu aliyeona, refa mimi mwenyewe sikuona. Akainua mkono. Akapoteza, akatoa maski, akacheka machozi yakimtoka. Niambieni ni wapi pengine hapa mjini mtu anainua mkono peke yake kusema nimeguswa. Ku ofisi zenu?

Nisamehewe, hiyo imetoka yenyewe.

Tuko pia na fundi viatu mmoja ambaye polio ilimchukua miguu. Eskrimi ya kiti cha magurudumu iko ku Paralimpiki tangu Roma 1960, ilianza Uingereza kwa daktari Guttmann na wagonjwa wake wa uti wa mgongo. Kule viti vinafungwa ndani ya chuma ili visisogee, sisi tunaweka matofali mbele na nyuma ya magurudumu. Mkono wake una kasi, vijana wazima wanakaa ku kiti mbele yake na wanatoka wameaibika. Zamani mtaani walimuita kwa jina la ule ulemavu wake, siku hizi wanamuita Kochi. Tangu Jumamosi yuko tu kibandani, nilipita akaniuliza: Mwalimu, wamefungua? Nikasema bado.

Na mimi, Mheshimiwa, sina mshahara wa hii kazi na sijawahi kuwaomba. Kontrati yangu ya sutretans ku mgodi iliisha, nikakaa nyumbani miezi na miezi natazama ukuta, mke wangu anauza makala, yaani mkaa, njo tunakula bukari, mwenye nyumba anagonga, watoto wanafukuzwa shule juu ya minervali. Nilikuwa nimekwisha. Mzee mmoja aliyejifunza eskrimi Ubelgiji njo alinishika mkono akanirithisha epe zake kabla hajafa. Nikichora pisti, ile njia ya kuchezea, kwa chokaa, mita 14, na watoto wanajipanga wenyewe bila kelele, nasikia bado niko mtu. Ile transporti nalipa mwenyewe. Nyembe za epe zikivunjika nazishonea raba niwafundishie wadogo hatua. Mnataka nini tena kutoka kwangu?

Msiseme tuchezee nje. Nje tunaweza kufanya hatua za miguu, na njo tunafanya sasa pembeni ya ukuta wa shule, lakini bila maski siwezi kuruhusu mtoto amguse mwenzake hata mara moja. Mwaka 1982 ku mashindano ya dunia kule Roma, Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki, alikufa juu nyembe ya mpinzani ilivunjika ikapita ndani ya maski. Na yeye alikuwa na maski! Baada ya hapo njo wakatengeneza maski ngumu zaidi na nyembe za chuma kingine. Bwana wenu anasema ni mchezo wa hatari halafu anatufungia kinga, nimejaribu kuelewa nimeshindwa.

Wale vijana wawili niliowataja, mmoja hakuja juzi, na jana pia. Wenzake wanasema wamemuona ku avenyu ile ya zamani, saa za usiku. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tunaomba ufunguo. Nilikuwa nimeandika mambo mengine, nyasi za uwanja, taa, bima ya watoto, nimefuta yote. Ufunguo tu. Kama ukumbi ni wa viti sasa, basi semeni wazi, tutatafuta kwingine. Lakini tumeni hata mlinzi afungue saa moja tu, mchana, asimame hapo atuangalie tukitoa maski na jaketi zetu, viti vyenu hatutavigusa.

Kwa heshima zote,
Mwalimu wa eskrimi, Katuba, Lubumbashi