Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shughuli Zetu na Suala la Kijitabu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawakaribisha, nyinyi wachache mliofika.

Mafunzo ya wasaidizi wa kisheria yalifanyika, ziara za gerezani zilifanyika, kikao na wazee wa mitaa pia. Ripoti za katibu mnazo.

Nije kwenye kijitabu chetu cha kuwaeleza wafungwa habari za kupunguziwa adhabu, maana najua ndicho kilichowaleta wengine hapa. Ni kweli, mwezi wa Machi niliagiza nakala za zamani ziondolewe, na shilingi 74,000 za harambee, zilizokusudiwa fulana, zikachapisha kipya. Imesemwa nimeidharau kamati iliyotangulia. Imesemwa pia nimewakatisha wafungwa tamaa.

Kijitabu kile kiliandikwa baada ya hukumu ya tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kumlazimisha jaji ampe hukumu ya kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji ni kukiuka Katiba, kwa kuwa mtu hapewi nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu. Adhabu yenyewe ya kifo haikufutwa, ingawa huko mitaani ilivuma hivyo. Mahakama za chini zikaipanua hukumu hiyo, na waliofungwa kwa wizi wa mabavu nao wakaanza kupunguziwa vifungo. Ndivyo kijitabu chetu kilivyoeleza.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama hiyohiyo ikafunga mlango: Muruatetu ni ya kesi za mauaji tu, vifungu vya 203 na 204 vya Kanuni ya Adhabu. Mwenye kesi ya aina nyingine apeleke ombi lake kuanzia Mahakama Kuu. Julai 2024 ikashikilia vivyo hivyo kuhusu vifungo vya chini kabisa vilivyowekwa na sheria kwa makosa ya ngono. Na Kifungu cha 163(7) cha Katiba, kinachozifunga mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu, hakimwachii jaji mwingine yeyote nafasi ya kukaidi. Katiba haijaongezwa wala kupunguzwa neno, ila wafungwa wa wizi wa mabavu wamefunguliwa njia, kisha wakafungiwa.

Mama mmoja alinijia ameshika kijitabu chetu, ukurasa wa 9 umekunjwa pembe, pamoja na fomu ya kuomba kupunguziwa adhabu aliyouziwa na broka kwa shilingi 3,500. Mwanawe yumo ndani kwa wizi wa mabavu. Wanaopinga waniambie wangemjibu nini.

Binafsi naona Mahakama ilibana mno. Hoja ya 2017 inamfaa huyo kijana pia. Lakini kijitabu cha chama si mahali pa kuandika ninayoyatamani. Maelekezo yale ya Mahakama ya Julai 2021 niliyafasiri mwenyewe, usiku, bila malipo, jambo ambalo sijasikia likitajwa.

Kuhusu lalamiko kwamba wanachama hawakushirikishwa: kikao cha Machi kilitangazwa wiki mbili kabla. Kati ya wanachama 63 walikuja 19, akidi ikatimia kwa shida. Vikao vingine vitatu vilivunjika kwa kukosa watu. Wanaolalamika sana kwenye WhatsApp sikuwaona hata kimoja.

Ada zilizolipwa ni shilingi 41,500. Zinazodaiwa ni 97,100. Wamo wanakamati.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata muda redioni na pengine kufika Kilifi, hali ikiruhusu.

Mweka hazina yuko hapo mlangoni na kitabu cha risiti. M-Pesa pia anapokea.

Mwenyekiti